Siku Tulipochora Uwanja kwa Salfa

Haya jamani, sogeeni. Wewe wa pikipiki nyekundu zima injini, abiria mwenyewe hajaja na mafuta unayachoma bure. Wewe mwenye chapati mbili kaa chini ule, mtu hasikilizi habari akiwa amesimama kama kigingi cha mbuzi. Na wa nyuma msisukumane, hili karai lina mafuta ya moto, halijui kuchagua.

Tangu asubuhi nawasikia. Timu yenu imecheza mechi tatu, imefungwa mbili, imetoka sare moja, na mmeshaanza kutafuta mchawi. Huyu anasema ni kocha. Huyu anasema ni kipa. Huyu kanisogezea simu usoni, eti msimamo wa ligi uko humu ndani, kama vile nitasikia harufu yake. Halafu mkaingia kwa wapinzani wenu, mkawataja mmoja mmoja na vifua vyao na miguu yao mpaka nikadhani mnawachumbia. Mimi nikawauliza swali moja tu. Mkifungwa Jumamosi, nani atabeba maji? Mkacheka. Mmoja akasema, "Mama Shani, mpira na maji wapi na wapi?"

Basi nilipokuwa nageuza hii chapati nikamkumbuka bibi yangu, na ubishi wetu wa kule kijijini Kitangari, juu mlimani, na jirani yetu. Nikajikuta nacheka peke yangu. Mkaulizana kama nimeanza kuumwa. Siumwi. Nisikilizeni.

Nyie hapa Masasi mna mawe, mna barabara, na maji mnafungua. Sisi kule juu, nilipokuwa mtoto, tulikuwa na korosho, upepo na kiu. Upepo wenyewe siwezi kuwaelezea mkaelewa. Mbuzi tulikuwa tunawafunga kamba mbili, moja shingoni ili wasiende kula mazao ya watu, nyingine mguuni ili upepo usiwapeleke Msumbiji. Kuku wa kule hakuwa na haja ya kuruka, alikuwa anafungua mabawa tu.

Na maji yalikuwa bondeni. Nasema bondeni, lakini msifikirie bonde hili lenu la kupanda mchicha. Ulikuwa ukidondosha mfuniko wa ndoo kule juu asubuhi, ukifika chini unaukuta umeshaota kutu. Kushuka tulikuwa tunashuka kwa visigino, kupanda tunapanda kwa meno. Na ukifika, kisima chenyewe kilikuwa kinatoa maji kama bahili anavyotoa salamu. Tone. Kinafikiri. Tone jingine. Kwa hiyo ilikuwa ni foleni. Ndoo zimepangwa tangu alfajiri, ya bluu, ya kijani, ya bati, debe la mafuta lililokatwa juu, na wenyewe wamekaa kwenye kivuli wanasuka mikeka, wanatafuna ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ambayo bibi yangu alikuwa anasema mwenye meno mabovu anaila kwa macho.

Sasa hapo kwenye foleni ndipo mpira ulipokuwa. Wanaume walikuwa wanaucheza, au wanadai waliwahi kuucheza, lakini wanaoujua walikuwa wanawake, kwa sababu ndio waliokuwa na nafasi ya kuufikiria. Ukikaa asubuhi nzima unasubiri zamu, utawaza nini? Nilikuwa nasikia akina mama wana watoto wachanga mgongoni wanabishana beki ya kushoto inavyotakiwa kusimama, na mtoto mgongoni anaitikia.

Na ili waelewane, walikuwa wanapanga timu kwa ndoo. Ndoo ya mama fulani ni kipa. Hizi nne mabeki. Debe la mafuta ni kiungo, maana halina kasi lakini halianguki. Shida ilikuwa moja: ndoo zilezile ndiyo foleni. Ukisogeza winga mbele ili kuonyesha alivyotakiwa kukimbia, umemkatia mtu zamu. Ugomvi. Bibi yangu alikuwa mjanja sana kwa hilo. Ndoo yake siku zote alikuwa anaichezesha mshambuliaji wa kati, na goli siku zote lilikuwa kisima. Timu ikishambulia kidogo tu, bibi kashafika mbele.

Ndiyo maana kulikuwa na utaratibu, na huu mniwekee akilini, kwa sababu ndio ulioniponza. Sisi watoto tulikuwa tunawekwa kulinda zamu. Wakubwa wakibishana, anaitwa mtoto yeyote aliyekuwepo, anaulizwa, "Nani alitangulia?" Mtoto anasema alichokiona, na maneno yameisha hapo. Hata ukisema bibi yako ndiye aliyechelewa, hakuna wa kukufokea, wala yeye mwenyewe. Lakini mtoto akidanganya ikajulikana, ndoo ya kwao inarudishwa mwisho mwezi mzima. Kwa hiyo ulimi wetu ulikuwa umezoea. Ukiulizwa umeona nini, unatoka wenyewe, hausubiri.

Jirani yetu, nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuwa Mmakua wa Chiungutwa, kijiji cha huku chini, kaolewa kule juu. Kaolewa miaka mingi, kazaa watoto wanane, kapanda mikorosho, lakini timu hakuhama. Alikuwa anasema mume alimtolea mahari yeye tu, timu haikuwemo. Yeye na bibi walikuwa wanaitana mtani, na utani wao haukuwa na likizo. Bibi akiugua, jirani anakuja na uji na matusi. Jirani akifiwa na mbuzi, bibi anakwenda kumpa pole huku ameshika kisu na chumvi.

Mwaka huo ninaowaambia, timu yetu ilianza ligi ya vijiji vibaya mno. Mechi ya kwanza tulifungwa manne. Ya tatu tulifungwa matatu. Ya pili tulitoka sare, lakini sare yenyewe ilipatikana kwa sababu mpira ulipasuka dakika ya tisa na hakukuwa na mwingine. Kipa wetu alikuwa mfupi, penalti ikipigwa juu alikuwa anaiangalia kama mtu anayeangalia ndege. Mshambuliaji wetu alikuwa na mbio kweli, tatizo mpira ulikuwa hauna mbio kama zake, anafika golini peke yake anageuka kuuliza uko wapi. Chiungutwa wao walikuwa wameshinda mechi zote tatu. Hawajafungwa hata bao la kuotea. Walikuwa na beki mmoja mkubwa hivi, akisimama mbele ya goli lao jua linazama.

Asubuhi moja kwenye foleni jirani akaanza.

"Mtani, timu yako mwaka huu ina nini? Au wanavaa viatu vya ndugu zao?"

Bibi hakuinua kichwa kwenye mkeka wake. "Msimu bado mchanga. Mkorosho mwezi huu unaangusha tunda moja moja tu, magunia utayaona baadaye."

"Mimi naona kuni."

Foleni nzima ikacheka. Bibi akaweka ukili chini. Nyie hamumjui bibi yangu, lakini akiweka ukili chini, hata kisima kilikuwa kinatoa maji haraka.

"Jumamosi mnakuja kwetu," akasema. "Tukiwafunga?"

"Mkitufunga, wanangu watakubebea maji mpaka mvua ya kwanza."

"Na mkitufunga nyie, nyumba yangu itakubebea wewe. Ndoo nne kila siku, mpaka mvua ya kwanza."

"Mashahidi mmesikia?"

Mashahidi walikuwa wameshasikia, wengine walikuwa wanasimulia walioko mbali. Mimi nikahesabu nyumba ya bibi ina watu wangapi. Ina bibi, mwenye magoti mabovu. Ina mimi. Nikamgeukia nikamuuliza, "Bibi, atakayebeba ni nani?" Akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayekagua baiskeli kabla ya kuipakia.

Tangu siku hiyo sijawahi kuona mtu anayependa timu yake kama nilivyoipenda mimi ile timu. Hawa wenu wanaojichora uso ni wageni. Mimi nilikuwa namwombea kipa arefuke. Ndoo nne kwa siku za jirani, na mbili zetu, na mvua ya kwanza ilikuwa bado mbali, mabibo yenyewe, yale matunda ya mkorosho, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kudondoka. Nilipiga hesabu nikaona nitakuwa nimekwisha, nimebaki shingo tu.

Basi. Ijumaa ikaja shida ya mistari. Sisi uwanja tulikuwa tunachora kwa majivu, kila nyumba inaleta kopo lake. Lakini kwa upepo ule, ukichora mstari wa pembeni asubuhi, mchana unaukuta kwenye mboga za watu. Mwalimu mmoja ndiye alikuwa msimamizi wa timu, mtu mpole, shati lake limechomekwa hata akilima. Akasema refa anayekuja ni mkali, anatoka Newala mjini, asipoiona mistari anawapa wageni ushindi wa mezani. Chokaa haikuwepo. Watu wakakuna vichwa.

Bibi akasema, "Salfa je?"

Salfa nyie mnaijua, ile dawa ya unga ya njano ya kupulizia mikorosho. Alikuwa na nusu mfuko umebaki chini ya kitanda. Akasema ni nzito kuliko majivu, na inaonekana mpaka na kipofu. Mwalimu akafurahi mpaka shati likachomoka. Nikaibeba mimi mwenyewe mpaka uwanjani, nikimwaga mimi, mwalimu ananyoosha kwa kamba. Tulivyomaliza uwanja ulikuwa umependeza kama umepigwa kiini cha yai. Mistari ya pembeni, duara la katikati, boksi, mstari wa goli tukaurudia mara tatu ili refa asije akasingizia.

Sasa hebu nielezeni nyie wenye akili. Kijiji kizima ni wakulima wa korosho. Tumezaliwa chini ya mkorosho, tumefunzwa kutembea kwenye mkorosho. Kila mmoja wetu anajua salfa inapulizwa alfajiri, upepo umelala, na umejifunga kitambaa usoni kama mwizi, kwa sababu ikikuingia machoni na jasho, utautaja ukoo wenu wote. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Mbuzi anajua. Na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mpira unaanza saa kumi jioni, saa ya upepo, na wachezaji ishirini na wawili wataukanyaga ule unga dakika tisini. Tulishangilia rangi.

Chiungutwa wakaja juu ya lori la magunia, wanaimba. Wakashuka, wakaona uwanja, wakacheka. "Mtani, mmelima manjano?" Jirani yetu naye kavaa kitenge chake cha harusi, kakaa na watu wa kwao, ng'ambo ya pili, mkabala na bibi. Mimi na watoto wenzangu tukapanda kwenye mkorosho uliokuwa nyuma ya goli moja, kwa sababu juu unaona vizuri na mabibo yapo karibu na mdomo. Upepo ulikuwa unatokea nyuma ya ule mti, unapita golini, unaingia uwanjani. Hilo sikulichagua kwa akili. Nilichagua kwa tumbo.

Dakika tano za mwanzo mpira ulikuwa mpira. Ya sita winga wetu akakimbia na mstari, vumbi la njano likanyanyuka, mshika kibendera akaanza kupangusa jicho. Ya kumi jukwaa la upande wa chini lote limeshika kanga machoni. Kufika nusu saa, jamani, ule uwanja ulikuwa unalia. Wachezaji wanalia, akiba wanalia, muuza kashata analia na wateja wake. Unaona beki mkubwa wa Chiungutwa, lile jitu, machozi yanamtiririka anamwambia winga wetu, "Pita tu ndugu yangu, pita." Kuna mzee alikuwa anapita barabarani na baiskeli yake. Akashuka, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, "Msiba wa nani?"

Bao letu tulilipata hivyohivyo. Mshambuliaji wetu alifumba macho akapiga mpira kwa hasira, hakuwa na nia ya kufunga, alikuwa na nia ya kupiga kitu. Ukaingia. Tukaambiana tumefunga, maana wengi hawakuona. Bibi alicheza ngoma nzima peke yake, magoti mabovu kayasahau nyumbani. Kipindi cha pili wakabadilishana magoli, kipa wetu akaja kusimama mbele ya mti wangu, na baada ya muda Chiungutwa wakarudisha. Bao moja kwa bao moja. Refa akaangalia saa yake, akaipangusa, akaiangalia tena, akamuuliza mshika kibendera saa ngapi, naye haoni.

Sare ilikuwa inanitosha. Dau halikusema sare. Nilikuwa nahesabu kwa vidole juu ya mti, na nimebakiza kibibo kimoja.

Ndipo wakapata kona.

Wote wakaja golini kwetu. Ishirini na kitu wanasukumana juu ya ule mstari tuliourudia mara tatu. Na upepo, kama ulikuwa umeambiwa, ukaja wote kwa pamoja. Likanyanyuka wingu la njano, nawaambia, ungeweza kulikata vipande. Wenzangu kwenye mti walikuwa wameshashuka zamani kuwapelekea ndugu zao maji ya kunawa. Mimi nilibaki kwa ulafi. Kona ikapigwa. Ndani ya lile wingu kila mtu kafumba macho, wanapiga mateke, wanajipiga wenyewe. Mpira ukamgonga kipa wetu kwenye kisigino. Ukaanza kurudi nyuma. Polepole. Ulikuwa unatembea kama mwanamke mtu mzima anayekwenda zahanati, unapumzika, unaendelea. Ukaukanyaga mstari. Ukaupita. Ukaenda ukagonga mzizi wa mti wangu, ukageuka, ukarudi uwanjani, na nyavu hatukuwa nazo. Beki wetu akaukuta mguuni, akaubutua mpaka kwenye mihogo.

Upepo ukatulia. Chiungutwa wakasema bao. Sisi tukasema bao la wapi. Na wote wanaobishana wamefumba macho. Refa kavua shati anajipangusa, anauliza, "Nani ameona? Nauliza nani ameona?" Mmoja akanyoosha kidole juu ya mkorosho. "Yule mtoto. Yule hana machozi."

Refa akaja chini ya mti. Na watu wote wakamfuata, wamenielekezea nyuso, macho mekundu kama pilipili. Mkononi nina kibibo nimekiuma nusu.

"Binti, macho yako yanaona?"

"Shikamoo. Yanaona."

"Marahaba. Mpira uliupita mstari, au haukuupita?"

Bibi akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu, chenye maneno ndani.

"Mtani," jirani akasema, "usimkoholee mtoto."

Mimi nilijua. Msidhani sikujua. Niliiona ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Niliuona mlima. Niliona neno moja tu, "haukuupita", na watoto wa jirani wanatubebea sisi, maana refa angeongeza dakika mbili na pengine tungefunga. Nikaliandaa lile neno kabisa, nikaliweka mdomoni pamoja na kibibo. Lakini yule refa aliuliza kama wanavyouliza kisimani. Na mimi nilikuwa mlinzi wa zamu tangu nina miaka minne. Ulimi ukatoka wenyewe.

"Uliupita. Ukagonga mzizi huu hapa, ukarudi."

Filimbi. Mbili kwa moja. Mpira ukaishia hapo, kwa sababu hata waliotaka kuendelea walikuwa hawajui goli liko wapi.

Bibi hakunipiga. Hakunisema hata. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, na katikati ya njia akasimama, akageuka, akasema kwa upole kabisa, "Kijiji kizima kinalia. Wewe machozi yalikushinda nini?" Akaendelea kutembea.

Jumapili asubuhi nikachukua ndoo ya jirani. Jumatatu pia. Shingo ilikuwa inaingia ndani kila siku kidogo, mpaka Jumanne nilikuwa naongea kwa kutumia kifua. Jumatano nilipotoka nje alfajiri nikamkuta bibi amesimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni, kata ya kuwekea ndoo kichwani, ndoo yenyewe mkononi.

"Bibi, magoti yako."

"Dau niliweka mimi, magoti hayakuwekewa dau. Twende."

Tukashuka wote. Na tangu siku hiyo mpaka mvua, tulishuka wote kila siku. Mimi mbele ili akiteleza aniangukie, yeye nyuma ananihubiria mpira. Jamani, nimekula vizuri baada ya hapo, nimevaa, nimepanda gari la kiti cha kulala, lakini sijapata miezi kama ile. Kwenye mteremko ule ndipo nilipofundishwa kuotea ni nini, winga anatakiwa aache nafasi gani, kwa nini timu iliyoanza vibaya isitukanwe mapema. Na kila siku alikuwa ananisimulia lile bao upya, mimi niliyeliona. Wiki ya kwanza mpira uliupita mstari lakini kwa kuonewa. Wiki ya tatu uligusa mstari tu. Magunia ya korosho yalipoanza kujaa, mpira ulikuwa haujafika kwenye boksi. Karibu na mvua alikuwa anasema siku ile Chiungutwa hawakupata hata kona.

Jirani alikuwa anatusubiri mlangoni kwake, anapokea ndoo, anaikagua kama ina uchafu, kwa makusudi, halafu anatupa sahani ya ming'oko na kochoko, yale mabibo ya kukausha. "Kuleni watumishi." Bibi anakula huku anamwambia kwamba chumvi haipo. Walikuwa wanakaa pale kizingitini, wanacheka mpaka machozi, na salfa ilikuwa imeshakwisha.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilikimbia nje nikasimama katikati ya uwanja wa nyumba, mdomo wazi. Bibi alibaki ndani. Kesho yake alfajiri nikamkuta amekaa kizingitini na ndoo tupu. Akasema amezoea tu.

Nilipita kule mwezi uliopita. Bomba lipo, kila nyumba chache kuna koki, na mimi siyo mjinga wa kulilia ule mlima, shingo yangu inakumbuka. Lakini nilishuka njia ya kisima, nikafika nusu, nyasi zimeifunga. Mkorosho wa nyuma ya goli wameukata, ulikuwa umezeeka. Uwanja umehamishwa. Nilimuuliza mama mmoja kwenye koki timu yao imeanzaje msimu, akaniangalia kama nimemuuliza jina la mkwe wangu. Ndoo yake ilijaa kabla sijamaliza swali, akaondoka. Ndivyo ilivyo sasa. Maji yamekuwa mengi, maneno yamekauka. Nyie hapa mnabishana, ndiyo, lakini kila mmoja kainamia simu yake. Mkifungwa, mnazima. Hakuna anayebeba kitu.

Na bibi ndiyo hivyo tena. Tulimzika kule kule, karibu na mikorosho yake. Siku ya mazishi mimi nililia, nyie. Mimi mcheshi huyu mnayeniona. Nililia nikalala chini, nikashikwa na watu wanne, nikawashinda. Wakaja na maneno ya dini, sikuyasikia. Wakaja na maji ya kunawa uso, nikayamwaga.

Nikasikia watu wananong'ona, wanapisha. Nikainua kichwa. Ni jirani, mtu mzima sasa, kakonda, mgongo umepinda, anakuja polepole na ndoo ya maji kichwani. Koki iko hatua ishirini pale, imejaa watu. Yeye alikuwa ametoka nayo kisimani, bondeni, peke yake, miguu ina tope mpaka magotini. Akaitua ndoo karibu na kaburi. "Mtani," akasema, anaongea na udongo, "hii moja narudisha. Tatu utanidai." Halafu akageuka akaniona mimi, nilivyo, kamasi na vumbi, nalia kama kinanda. Akaniangalia, akaniangalia. Akashika kiuno akasema, mbele ya watu wote na shehe akiwepo:

"Wewe, nyamaza. Sasa hivi ndiyo unayaleta hayo machozi? Refa keshaondoka."